Chatu Mwenye Haya: Historia ya Kumzoesha Nyoka Mkono wa Mtu

Chatu mfalme ni nyoka mfupi, mnene, wa nyanda za nyasi za Afrika Magharibi na Kati. Makazi yake yanaanzia Senegal, yanapita Ghana, Togo, Benin na Nigeria, na kuishia Sudan Kusini na kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Mkubwa wao kwa kawaida hapiti mita moja na nusu, na uzito wake ni kilo moja hadi mbili. Ukimweka kando ya chatu anayefahamika Afrika Mashariki, yule anayeweza kumeza swala, huyu ni kitoto. Mwili wake ni wa kahawia iliyokoza, karibu na nyeusi, wenye mabaka ya rangi ya asali ubavuni. Mchana hujificha katika mashimo ya panya na vichuguu vilivyohamwa, na giza likiingia hutoka kuwinda panya na ndege. Panya buku, wa jamii moja na wale wanaofunzwa pale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, ni miongoni mwa wenye nyumba ambao chatu huyu hurithi mashimo yao.

Anachojulikana nacho zaidi ni woga. Akishtuliwa, mara nyingi hakimbii wala haumi. Hujikunja pindi juu ya pindi mpaka mwili wote ukawa donge, kichwa kikiwa kimezamishwa katikati, na donge lenyewe hukaza kiasi kwamba laweza kuviringishwa sakafuni kama chungwa. Kwa tabia hiyo Wamarekani wamempa jina lenye maana ya mpira. Waingereza humwita wa kifalme, wakifuata jina la Kilatini, regius, ambalo mtaalamu wa wanyama George Shaw alimpa mwaka 1802. Leo ndiye mmoja wa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani huko Marekani na Ulaya, na swali la kwanza la karibu kila anayemfuga ni moja: vipi mnyama anayeficha kichwa akiguswa atazoea kushikwa? Swali hilo lina umri mkubwa kuliko biashara ya wanyama wa kufugwa, na watu wa kwanza kulipatia jibu hawakuwa wafugaji.

Walikuwa watu wa Hueda, ufalme mdogo uliokuwa kwenye pwani ya Benin ya leo. Makao ya mfalme yalikuwa Savi, na bandari yake ilikuwa Ouidah, mojawapo ya masoko makubwa ya watumwa katika pwani yote ya Afrika Magharibi. Chatu mfalme alikuwa mungu wao mkuu, akiitwa Dangbe. Kwake waliomba mvua, mavuno na usalama wa nchi. Alikuwa na nyumba yake, makuhani wake na sadaka zake, lakini hakufungiwa. Alitoka alipotaka, akaingia vyumbani mwa watu, akapanda juu ya dari au kujikunja chini ya kitanda, na mwenye nyumba hakuwa na ruhusa ya kumfukuza kwa fimbo. Aliyemkuta alimnyanyua taratibu kwa mikono miwili, akamrudisha kwenye nyumba yake kwa maneno ya heshima, kama mtu anayemsindikiza mzee aliyepotea njia.

Mholanzi Willem Bosman, mfanyabiashara aliyekaa miaka mingi katika pwani ya Guinea, aliyaandika mambo hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1704. Kisa chake kinachokumbukwa zaidi ni cha mwaka 1697. Nguruwe mmoja aliumwa na nyoka, akamgeukia akamla. Habari zikafika kwa makuhani, nao wakapeleka mashitaka kwa mfalme, na amri ikatoka kwamba nguruwe wote wa nchi wauawe. Vijana wakaingia mitaani na marungu na mapanga. Bosman anakisimulia kisa hicho kwa dhihaka ya mgeni, ila dhihaka hiyo haifuti ushahidi uliomo ndani yake: katika nchi hiyo nyoka alikuwa na ulinzi mkubwa zaidi wa sheria kuliko mifugo yenyewe.

Mwaka 1727 mfalme Agaja wa Dahomey aliivamia Hueda na kuiteka Savi. Kapteni Mwingereza William Snelgrave, aliyefika huko muda mfupi baadaye kununua watumwa, alisimulia kwamba askari wa Dahomey waliwakuta nyoka majumbani, wakawashika kiunoni na kuwadhihaki, wakiwataka waseme neno la kujiokoa kama kweli ni miungu. Nyoka walipokaa kimya, waliwakata vichwa, wakawapasua na kuwaoka juu ya makaa. Hata hivyo watawala wapya hawakuizima ibada hiyo kabisa. Baada ya muda ibada ilirudi, na karne iliyofuata wasafiri walikuta tena nyumba ya nyoka katikati ya Ouidah. Mmoja wao alikuwa Richard Burton, yule yule aliyetoka pwani ya Waswahili mwaka 1857 pamoja na Speke kwenda kulitafuta Ziwa Tanganyika. Alipita Ouidah mwaka 1863 akiwa njiani kwenda kwa mfalme Glele wa Dahomey. Wasafiri wa wakati huo wanaeleza pia adhabu ya aliyemuua chatu, hata kwa bahati mbaya. Alitiwa ndani ya kibanda cha nyasi kavu, kibanda kikawashwa moto, naye akatoka mbio kuelekea penye maji huku umati ukimpiga njia nzima. Aliyefika majini alikuwa amelipa.

Hekalu la chatu la Ouidah lipo mpaka leo, likitazamana na kanisa kubwa la Kikatoliki lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani mna chumba cha duara chenye makumi ya nyoka waliolaliana sakafuni. Kuna usiku ambao mlango huachwa wazi, nao hutoka kuwinda mjini; asubuhi wenyeji waliowakuta nyumbani mwao huwaleta. Watalii huvishwa nyoka shingoni na kupigwa picha. Jambo la kuangaliwa hapo ni nyoka mwenyewe: hajikunji. Huning'inia begani, hutoa ulimi polepole, hupapasa hewa, kisha hushuka mkononi mwa mtu asiyemjua. Hakuna aliyemfundisha. Anashikwa tangu udogo, kila siku, na mikono mingi, wala hakuna mkono hata mmoja uliomuumiza. Mbinu za kisasa, pamoja na vipimajoto vyake vyote, zimechukua muda mrefu kurudi kwenye kanuni hiyo.

Heshima kwa chatu huyu haikuishia Benin. Baadhi ya jamii za Ghana na Togo zina miiko inayofanana, na kwa Waigbo wa Nigeria anayemuua kwa bahati mbaya hulazimika kumfanyia maziko kama ya mtu. Wasomaji wa Kiswahili waliopitia Shujaa Okonkwo, riwaya ya Chinua Achebe, watakumbuka mzozo ulioingia kijiji cha Mbanta baada ya tetesi kwamba mmoja wa waumini wapya amemuua chatu mtakatifu. Katika Arrow of God, riwaya ya mwaka 1964, Achebe aliirudia mada hiyo kwa ukali zaidi: Oduche, mtoto wa kuhani mkuu, anamfungia chatu ndani ya sanduku, na sanduku linaanza kutikisika lenyewe mbele ya macho ya familia. Mwandishi aliijua vizuri hali ya nyoka huyo. Chatu wa porini akitiwa mahali asipoweza kujificha wala kutoka, donge hufunguka na vurugu huanza.

Afrika Mashariki nayo ina watu wa kushika chatu, ingawa chatu wao ni mwingine. Huko Usukumani vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyoasisiwa karne ya 19 na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, hushindana kuvuta watazamaji, na chatu ni mojawapo ya silaha zao. Mchezaji humzungusha kiunoni, humnyanyua juu ya kichwa, humlegeza na kumkaza kwa mapigo ya ngoma. Mashindano hayo huonekana hadi leo wakati wa Bulabo, mwezi wa Juni, hasa Bujora karibu na Mwanza. Chatu huyu ni wa mita tatu, nne, wakati mwingine zaidi, na hasira yake ni ya kweli: anauma, na meno yake yaliyopinda kuelekea kooni huchana nyama mtu akivuta mkono. Wasukuma husema nguvu ya kumtuliza iko kwenye dawa. Mtazamaji wa pembeni atagundua jambo la ziada, kwamba mchezaji stadi hambani nyoka hata mara moja. Mikono yake hupishana chini ya mwili wa mnyama, mmoja ukipokea pale mwingine unapoachia, na nyoka daima ana mahali pa kwenda. Huo ndio ufundi ambao vitabu vya ufugaji vya leo huuelezea kwa kurasa kadhaa.

Ulaya ilianza upande wa pili kabisa, nyuma ya kioo. Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza duniani ya nyoka na wanyama wengine watambaao. Ujuzi ulikuwa mdogo. Chatu walipewa mablanketi ya sufu ili wapate joto, na mmoja wao akalimeza lake lote, akakaa nalo tumboni kwa wiki kadhaa kabla ya kulitapika. Mwaka 1852 mtumishi mmoja wa bustani hiyo alimchezea swila akiwa amelewa, akaumwa, akafa siku hiyo hiyo. Tangu hapo kanuni ya bustani nyingi ilikuwa kutowagusa nyoka ila kwa kijiti chenye ndoano, na kwa haja maalumu tu.

Nje ya bustani, kwenye sarakasi na majumba ya maonyesho, mambo yalikuwa kinyume. Miaka ya 1880 wanawake waliovaa mavazi ya Mashariki ya kubuni walipanda jukwaani Paris, Hamburg na New York wakiwa wamezungukwa na chatu. Watazamaji waliamini nyoka amelogwa. Ukweli ni kwamba nyoka hawana joto lao la mwilini kama la mnyama anyonyeshaye. Wakiwekwa kwenye baridi hulegea na kuwa wazito. Nyoka aliyesafirishwa majira ya baridi ndani ya kreti, asiyekula kwa majuma, hushikika kirahisi kwa sababu hana nguvu za kukataa. Utulivu wa namna hiyo umewadanganya watu wengi hata katika karne hii, wanaodhani nyoka wao amezoea kumbe anaganda.

Picha moja ya maonyesho hayo ilifanya safari ya ajabu. Ni bango la rangi lililochapwa Hamburg katika miaka ya 1880 na kampuni ya Friedländer, likimwonyesha mwanamke mwenye nywele nyingi, nyoka mmoja amemzunguka kiunoni na mwingine juu ya kichwa chake. Mabaharia na wafanyabiashara walilifikisha Afrika Magharibi, na huko likapokelewa kama sura ya Mami Wata, jini la maji. Mwaka 1955 kampuni moja ya Bombay ililichapa upya maelfu ya nakala kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kumasi. Kutoka hapo mwanamke wa majini mwenye nyoka alisambaa hadi Kongo. Katika miji ya Katanga wachoraji wa kuta na turubai walimchora kwa jina la Kiswahili, Mamba Muntu, akining'inia kwenye sebule za wafanyakazi wa migodi: ngozi nyeupe, nywele ndefu, saa mkononi, nyoka pembeni. Hivyo nyoka aliyeheshimiwa katika pwani ya Benin, akachukuliwa kuburudisha Ulaya, alirudi Afrika akiwa mkononi mwa mwanamke wa Kizungu.

Katika bustani za wanyama mabadiliko yaliletwa na Joan Procter, Mwingereza aliyezaliwa 1897, aliyekuwa akifuga nyoka na mijusi tangu utotoni na aliyewahi kuingia darasani na mamba mdogo. Alipokuwa msimamizi wa watambaao wa bustani ya London alisanifu jengo jipya lililofunguliwa 1927, lenye umeme wa kuongeza joto mahali mahali na kioo maalumu cha kupitisha miale ya jua ambayo kioo cha kawaida huizuia. Mnyama aliweza kuchagua joto analolitaka kwa kusogea tu. Mwenye afya mbovu tangu ujana, Procter alionyesha pia kwamba mnyama mwenye joto la kutosha na mahali pa kujificha huacha vita vyake taratibu. Joka la Komodo alilolilea liliitwa Sumbawa, na liliweza kutembea naye kati ya wageni na kulishwa mkononi. Alifariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 34. Kazi yake ndiyo iliyotenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa muda mrefu: nyoka aliyetulia kwa kuridhika na nyoka aliyetulia kwa kudhoofika.

Chatu mfalme aliingia majumbani kwa wingi kuanzia miaka ya 1970. Ghana, Togo na Benin zilimwuza nje kwa bei ndogo, na maduka ya wanyama ya Marekani yalimpokea kama nyoka wa bei nafuu kwa anayeanza kufuga. Tangu mwaka 1975 zaidi ya chatu milioni 3 wamesafirishwa wakiwa hai kutoka Afrika Magharibi, jambo linalomfanya mmoja wa wanyama wa porini wanaouzwa zaidi kutoka barani Afrika. Wakusanyaji wengi ni wakulima. Msimu wao ni miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati majike yana mayai au yameshataga na kuyaatamia ndani ya shimo, yakiwa yameyazungushia mwili. Mkulima huchunguza shimo lenye alama ya mburuzo wa nyoka, huchimba kwa jembe, hupitisha mkono hadi begani na kumtoa jike pamoja na mayai. Katika utaratibu uliokuja kutawala biashara hiyo, hasa Togo, mayai huanguliwa kwenye mabanda ya wauzaji, watoto husafirishwa, na majike na sehemu ya watoto hutakiwa kurudishwa porini. Utaratibu huo unasifiwa kwenye karatasi kuliko mashambani, na orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini sasa inamweka chatu mfalme katika kundi la wanaokaribia kutishiwa.

Aliyenunua chatu wa porini katika miaka ya 1980 alipata mnyama aliyepitia haya yote: jembe, gunia, ghala, ndege, kreti. Chini ya magamba yake kulikuwa na kupe, tumboni minyoo, na mara nyingi hakula. Miezi mitatu ilipita, minne, sita. Mwenye nyoka, kwa wasiwasi, alimtoa kila siku kumwangalia, kumgusa, kumpa panya mpya, kumpima uzito. Nyoka alibaki donge. Ushauri wa zama hizo, uliozunguka kwa midomo na magazeti ya wafugaji, ulikuwa ashikwe zaidi ili azoee. Ndio ushauri uliowaua wengi wao. Sifa ya chatu huyu kuwa msumbufu wa chakula ilitokana na hali aliyokuwa nayo alipofika, na kwa sehemu na mikono isiyompa nafasi.

Kilichobadili mambo ni kuzalisha. Nyoka aliyeanguliwa kifungoni hakuwahi kulijua shimo la panya wala jembe, na alianza kula bila matatizo mengi. Msukumo mkubwa wa kuzalisha haukutoka kwenye huruma; ulitoka kwenye rangi. Mwaka 1992 mfugaji Mmarekani Bob Clark alifanikiwa kwa mara ya kwanza kuangua chatu mfalme zeruzeru, mweupe na wa manjano, mwenye macho mekundu. Wa kwanza waliuzwa kwa maelfu ya dola. Rangi nyingine zilifuata, leo zinahesabika kwa mamia, na wafugaji waligeuka wataalamu wa kurithisha. Kasi hiyo ilikuwa na gharama yake. Aina moja yenye mistari myembamba mithili ya utando wa buibui, maarufu tangu mwisho wa miaka ya 1990, huzaliwa na hitilafu ya mizani: kichwa hutikisika na kuzunguka, wengine hushindwa kulenga windo. Kuna waliomshika nyoka wa aina hiyo na kudhani anatetemeka kwa woga.

Pamoja na rangi, kizazi hicho cha wafugaji kiliweka kanuni za kumshika ambazo leo zinakubaliwa karibu kote, baada ya makosa mengi. Ya kwanza ni kumwacha. Nyoka akiletwa nyumbani haguswi kwa wiki moja au mbili, mpaka awe amekula, tena zaidi ya mara moja. Boksi lake liwe na maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, na yawe ya kumbana: chatu mfalme hujisikia salama mgongo wake ukigusa kuta, kama alivyokuwa shimoni. Joto upande mmoja huwa nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 25 au 26 hivi. Nyoka asiye na maficho yuko macho mchana kutwa, na mkono unaoingia unamkuta tayari ameogopa.

Kumshika kwenyewe kuna adabu zake. Mkono hautokei juu, maana juu ndiko watokako mwewe na tai. Unaingia kutoka ubavuni, chini, na kusimama kwanza ili nyoka auone na auonje kwa ulimi. Haushiki kichwa wala shingo. Unapita chini ya tumbo, na mkono wa pili unapokea sehemu ya nyuma, kwa sababu nyoka asiyeegemezwa vizuri huona anaanguka na kubana. Wanaofuga wengi humgusa kwanza mgongoni kwa ndoano ya chuma au karatasi iliyoviringwa, mguso mwepesi wa kumwambia kwamba huu si wakati wa chakula. Nyoka huyu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto. Mkono wa mtu unaokuja ghafla gizani, tena wenye harufu ya panya aliyeshikwa dakika chache nyuma, unafanana kabisa na windo. Kuosha mikono kabla ni kwa faida ya mkono, na kuosha baada ni kwa faida ya mtu, maana watambaao hubeba vijidudu vya salmonella.

Kuna siku za kutomgusa kabisa. Baada ya kula, angalau saa 48 hupita, kwani nyoka aliyebughudhiwa akiwa na windo tumboni hulitapika, na kutapika humdhoofisha. Kabla ya kujivua gamba macho yake huwa na ukungu wa buluu, karibu haoni, na hata mpole kupindukia huweza kuruka. Baada ya gamba kutoka, mara nyingi likiwa zima kama soksi iliyogeuzwa, hurudia hali yake.

Siku za mwanzo vipindi ni vifupi, dakika tano, labda kumi, mara mbili tatu kwa juma. Donge likijitokeza halifunguliwi kwa vidole. Mshikaji hukaa kimya, donge likiwa mapajani, akasoma au akatazama kitu kingine. Baada ya muda pindi moja hulegea. Ncha ya pua hutokeza kati ya mapindi, na ulimi wa kahawia hutoka nje, unapima, unarudi. Kichwa kikitoka chote, shingo hurefuka sentimita moja moja kuelekea kwenye joto la kiganja. Mara ya kwanza huchukua nusu saa kwa baadhi yao, na kwa wengine haitokei. Wenye uzoefu humrudisha nyoka akiwa ametulia, wakiepuka kumrudisha katikati ya fujo; wanasema akijifunza kwamba vurugu humpeleka nyumbani, ataleta vurugu. Watoto walioanguliwa karibuni, wa gramu 60 hivi, ni wa tabia nyingine: hawajikunji sana, huinua shingo kwa umbo la herufi S na kurusha kichwa. Kuumwa nao ni kama kukwaruzwa na mwiba, na wengi huacha tabia hiyo baada ya miezi michache.

Kwamba nyoka huzoea, hakuna ubishi. Kwamba hufurahi kushikwa, ni jambo la kutazamwa kwa tahadhari, maana hana sauti, hana kope, na uso wake haubadiliki. Anachokionyesha ni upungufu wa woga: misuli laini, mwendo wa taratibu, ulimi unaotoka kwa utulivu. Chatu akitunzwa vizuri ana muda wa kuyajifunza hayo yote. Bustani ya wanyama ya St. Louis, Marekani, ilimpokea jike mmoja mwaka 1961 kutoka kwa mtu binafsi. Mwaka 2020, akiwa na zaidi ya miaka 60, alitaga mayai saba bila kuwa na dume kwa miaka mingi.

Katika miaka ya karibuni baadhi ya wafugaji wameanza kumwachia nyoka mwenyewe uamuzi. Jioni, saa ambayo kwa asili angetoka shimoni, boksi hufunguliwa na mkono huwekwa mlangoni, kiganja kikiwa wazi, bila kusogea. Akija, hupanda; akishapanda, hushuka atakapo. Njia hiyo huchukua wiki nyingi kuliko kumnyanyua, na haifai kwa daktari anayetaka kumchunguza upesi. Wanaoitumia husema donge limekuwa nadra mno. Jioni ambazo nyoka hatoki, kifuniko hurudishwa mahali pake.